Senti za Madobi wa Jackson Ward

Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, uko mtaa uitwao Jackson Ward. Mipaka yake ilichorwa mwaka 1871, miaka 6 baada ya utumwa kukomeshwa. Wakuu wa mji walikusudia kuwakusanya wapiga kura weusi mahali pamoja, wasipate nguvu kwingineko. Watu wale hawakuketi wakilia. Walijenga makanisa, maduka na nyumba za matofali.

Miongoni mwao alikuwa Bibi Maggie Lena Walker, aliyezaliwa 1864. Mama yake alikuwa dobi, na yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alichukua nguo safi akazipeleka kwa wenyewe. Mwaka 1899 alishika uongozi wa chama cha St. Luke, kilichosaidia watu katika ugonjwa na maziko. Siku hizo hazina ya chama haikuzidi dola 32. Mwaka 1903 akafungua benki. Madobi na watumishi wa nyumbani waliweka humo senti zao, na kutokana na akiba hiyo watu wakakopeshwa fedha za kununua nyumba. Biashara ilipoanguka Marekani mwaka 1929, mabenki mengi yalifungwa katika miaka iliyofuata. Benki yake iliungana na nyingine za watu weusi, ikaokoka.

Hata hivyo, katiba ya Virginia ya 1902 ilikuwa imewanyima weusi wengi kura kwa njia ya kodi ya kichwa na mitihani ya kusoma. Katika miaka ya 1950 ikajengwa barabara kuu ya magari, nayo ikapitishwa katikati ya Jackson Ward. Nyumba nyingi zilibomolewa, mtaa ukapasuka vipande viwili. Kodi ile ya kupigia kura iliondolewa kabisa mwaka 1966, wakati barabara imekwisha kupita.

Nyumba ya Bibi Walker, katika Leigh Street, imewekwa chini ya hifadhi ya serikali tangu 1978, na wageni huitembelea. Yafaa wasomaji wayashike mafunzo yote mawili ya mtaa huo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapana budi kuweka akiba. Lakini mwenye nyumba asiye na sauti barazani aweza kuamka asubuhi akakuta njia imekatwa sebuleni mwake. Basi anayepeleka senti zake benki, siku ya uchaguzi asibaki nyumbani.