Matokeo ya kidato cha sita: Mtaji wa duka usitumike kununua heshima

KAMEMBE, RUSIZI – Siku hizi matokeo ya mtihani hayasubiri mzazi arudi nyumbani. Namba ya mtahiniwa hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 8888, na jibu humkuta mtu popote alipo: kwenye meza ya sambaza sokoni Kamembe, kwenye foleni ya mpaka wa Rusizi ya Kwanza, au tayari yuko Bukavu akimpimia mteja unga. Anasoma, anarudisha simu kwenye kitenge, anaendelea kupima. Kelele huanza jioni, nyumbani.

Mwaka 2025 habari kwa jumla ilikuwa njema. Mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA, ilitangaza mwanzoni mwa Septemba 2025 kwamba takriban asilimia 89 ya watahiniwa wa kidato cha sita wamefaulu, kutoka asilimia 78.6 mwaka 2024. Lakini kufaulu ni jambo moja, na kupata nafasi ya kusomea kile ambacho mzazi amekuwa akikitangaza kwa majirani kwa miaka sita ni jambo jingine. Wapo waliopata cheti na wakakosa alama za udaktari au uhandisi. Wapo pia walioanguka kabisa, na hao aibu yao ni kubwa zaidi katika mwaka ambao karibu kila jirani anashangilia.

Hofu ya mzazi ina sababu

Ni rahisi kumlaumu mzazi anayemshinikiza mtoto. Hapa mpakani, hata hivyo, shinikizo hilo lina historia. Mwaka 2020 korona ilifunga mipaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na waliokuwa wakivukia Ruhwa wakabaki na bidhaa mikononi. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23. Benki zikafungwa, na aliyekuwa akidai fedha ng'ambo akajua maana ya kulala macho.

Mama aliyepitia hayo yote akimwambia mwanawe "utakuwa daktari", anachosema hasa ni kwamba hataki mtoto huyo ategemee lango ambalo mtu mwingine ndiye mwenye ufunguo. Anataka mshahara usiofungwa saa kumi na mbili jioni. Hofu hiyo ni ya haki. Kosa linaanza pale anapodhani dawa yake ni kazi mbili au tatu tu, na kwamba mtoto asiyezifikia amemrudisha kwenye umaskini.

Hesabu ya mtaji

Kosa hilo lina gharama ambayo kila mfanyabiashara anaielewa. Baada ya matokeo mabaya, jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kutafuta chuo chochote kitakachompokea mtoto, mradi jina la kozi libaki lile lile. Ada hutoka kwenye mtaji, au kwenye mkopo wa ikimina. Duka linaanza kukonda. Mwaka wa pili mtoto, ambaye kozi hiyo hakuitaka wala haiwezi, anarudi nyumbani. Hapo mtaji umekwisha na shahada haipo.

Hakuna mchuuzi anayevusha gunia la nyanya bila kuuliza kwanza bei ya Bukavu. Kwa nini basi ada ya miaka minne ilipwe bila kuuliza soko?

Na soko la kanda hii linasema wazi. Mradi wa umeme wa Ruzizi wa Tatu, unaokusudiwa kuzalisha megawati 206 kwa Rwanda, Burundi na Kongo, unahitaji mafundi umeme, wachomeleaji na waendesha mitambo. Bugarama kuna kiwanda cha saruji. Maboti ya Ziwa Kivu yanahitaji makanika, na majokofu ya samaki yanahitaji mtu wa kuyatengeneza. Kazi hizi hufundishwa katika shule za ufundi na katika vyuo vya Rwanda Polytechnic, kikiwemo cha Karongi, kando ya ziwa hili hili. Fundi mzuri ana faida nyingine mpakani: mpaka ukifungwa upande mmoja, ujuzi wake haukwami kwenye ghala la forodha.

Milango iliyo wazi

Kabla ya kulipa popote, familia ina hatua tatu za kufikiria. Kwanza, kama alama zinatia shaka, NESA hupokea rufaa kwa muda maalumu baada ya kutangaza. Muda huo ukipita umepita. Pili, mwanafunzi anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi. Hilo lina maana pale yeye mwenyewe anapolitaka na somo lililomwangusha linajulikana. Kurudia kwa ajili ya kumridhisha baba mara nyingi huleta alama zile zile. Tatu, kuna diploma na ufundi, ambako anaweza baadaye kupanda hadi shahada.

Majirani wanapita njia hiyo hiyo. Kenya, katika mtihani wa KCSE wa 2024, waliopata C+ inayofungua mlango wa chuo kikuu walikuwa 246,391, kama robo tu ya watahiniwa. Wengine hawakufungiwa maisha. Wengi huelekezwa kwenye vyuo vya kati na vya ufundi. Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na hivyo kupunguza joto la mashindano.

Njia ya kuvuka mpaka kusoma nayo ipo, lakini inataka macho. Mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti na wanafunzi vipite kwa urahisi. Utekelezaji bado unasuasua. Mwaka 2023 Uganda ilizuka zogo kubwa kuhusu kozi za vyuo ambazo kibali chake kilikuwa kimekwisha muda. Kwa hiyo usimwamini dalali anayekutembelea dukani na fomu. Uliza Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda kama chuo na kozi hiyo vinatambuliwa, ndipo ufungue mkoba.

Mtoto mwenyewe

Hesabu yote hii haina maana kama mtoto amejifungia chumbani. Kijana aliyeacha kula, halali, anakwepa watu au anasema afadhali asingezaliwa, hahitaji mhadhara kuhusu jasho la mama yake. Anahitaji mtu akae naye, na apelekwe kituo cha afya. Hospitali za wilaya, kama ya Gihundwe hapa Rusizi, zina huduma ya afya ya akili. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni utoto.

Wiki ya kwanza baada ya matokeo isiwe ya maamuzi. Ipite. Kisha mzazi aulize swali ambalo huenda hajawahi kuuliza: wewe ungependa kufanya nini? Anaweza kusikia jibu asilolitarajia, pengine kwamba mtoto anaipenda biashara ile ile ambayo mama amekuwa akimkimbiza nayo. Likiwa hilo ndilo jibu, basi asomee uhasibu, forodha au usafirishaji, arudi mpakani akiwa anajua kanuni kuliko wanaozisimamia.

Mfanyabiashara akipata hasara ya mzigo mmoja hafungi duka. Hukaa chini, akapiga hesabu upya, akanunua bidhaa nyingine. Mtoto wake naye anastahili uvumilivu huo.