AFYA NI MALI: Kipimo Kabla ya Kidonge

Kila mlango una ufunguo wake, na kila kijidudu kina dawa yake. Mvuvi wa Shela achomwapo mguu na mwiba wa samaki, jeraha likatunga usaha, aghalabu jamaa zake hukimbilia vidonge vilivyomponya jirani. Pengine hupona. Pengine uvimbe hupanda, kwa kuwa vijidudu vile vimekwisha kuwa sugu, wala dawa haiviui tena. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo mwaka 1945: dawa ikitumiwa pungufu, vijidudu hujifunza kuistahimili.

Ufunguo ufaao hutafutwa maabara, na njia ni zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya duara. Vijidudu vya usaha huoteshwa, kisha hupakwa katika kisahani chenye lishe iliyogandishwa kwa agari, kitu kitokanacho na mwani. Juu yake huwekwa vikaratasi vya mviringo vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja na dawa yake. Baada ya saa 16 hadi 18 katika joto la nyuzi 35, dawa yenye nguvu huwa imezungukwa na duara tupu, nalo hupimwa kwa rula. Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, waliieleza kanuni yake mwaka 1966.

Njia ya pili ni ya mirija. Dawa hupunguzwa nusu kwa nusu katika maji ya lishe, na kila mrija hutiwa vijidudu kwa idadi iliyo sawa. Mrija wenye dawa kidogo kabisa uliobaki bila ukungu ndio uonyeshao kiasi kinachotosha kuvizuia.

Je, ipi ni bora? Duara ni rahisi kwa bei, na kwa dawa nyingi za kawaida latosha. Lakini lina masharti. Agari yapasa iwe na kina cha milimita 4. Ikizidi, duara hupungua, na dawa njema huhesabiwa kuwa haifai. Tena duara kubwa si dalili ya dawa bora, maana kila dawa ina jedwali lake. Na dawa kama kolistini haienei vizuri katika agari, hivyo duara lake hudanganya. Hapo hapana budi kutumia njia ya mirija, ijapokuwa ina kazi na gharama zaidi.

Majibu huchukua siku kadhaa. Hali ikiwa mbaya, daktari huanza kutibu mara moja, kisha hubadili dawa majibu yafikapo. Lakini usaha uchukuliwao baada ya vidonge kumezwa huenda usioteshe kitu, na hapo maabara bora haina la kusema. Basi mwenye jeraha Shela na apande mashua kwenda Lamu mjini kwanza, kabla ya kugusa vidonge vya jirani. Nauli ya mashua si kitu mbele ya mguu.