Talaka Haivunji Ubaba



Ndugu zetu wasomaji, mama akiachwa hurejea kwao na watoto. Miezi miwili mitatu ya mwanzo masurufu huja. Kisha hupungua, kisha hukatika. Akiulizwa baba, hujibu, "Nitatoaje na watoto nanyimwa kuwaona?" Akiulizwa mama, naye hujibu, "Atawaonaje na hatoi?" Kila mmoja humngoja mwenziwe aanze. Katikati yao yuko mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, naye hajamwona babake tangu Ramadhani.

Wazazi hawa wana kosa moja: wameifanya haki ya mtoto kuwa bidhaa ya kubadilishana. Masurufu hayakuwekwa yawe bei ya kumwona mtoto, na kumwona mtoto hakukuwekwa kuwe malipo ya masurufu. Hizi ni haki mbili mbalimbali, na mwenyewe ni mtoto.

Mwenyezi Mungu amelibainisha jambo hili. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, baba amewekewa jukumu la chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mtoto, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Aya hiyo hiyo yakataza mama kudhuriwe kwa sababu ya mwanawe, na yakataza baba naye kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Wote wawili wametajwa. Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, yaendelea hata baada ya talaka: mama anyonyeshaye apewe ujira wake, wazazi washauriane kwa wema, na kila mtu atoe kulingana na riziki aliyopewa. Basi mwenye duka na mvuvi hawatoi sawa, lakini hakuna kati yao aliyesamehewa.

Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa wema. Huo ndio mzani wetu. Kiasi cha kutosha humfunga baba asipunje. Wema humfunga mama asidai kwa nia ya kumkomoa.

Sheria za nchi yetu nazo zasimama papo hapo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kimewapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hicho chasema pia kuwa katika kila jambo lihusulo mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulizwayo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya msingi huo.

Mara nyingi twaulizwa kuhusu hadhana, yaani ulezi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani twayafuata, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kukaa na mtoto mdogo, mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, yapata miaka 7. Hapo mtoto huhiarishwa. Mama akiolewa na mume mwingine, haki hiyo yaweza kuhojiwa. Lakini popote mtoto atakapolala, iwe kwa mama, kwa bibi au kwa shangazi, masurufu yake hubaki shingoni mwa babake. Baba wa kambo akimlisha, hiyo ni hisani yake. Haimfutii baba mzazi deni.

Na baba ana haki zake. Ana haki ya kumwona mwanawe na kukaa naye, kushauriwa kuhusu shule na matibabu yake, na kutotukanwa mbele yake. Mama anayemwambia mtoto kila siku kwamba babake hafai, amwambia pia kwamba nusu ya asili yake haifai. Vilevile, baba ndiye walii wa binti yake. Lakini baba ajiulize: siku ya nikahi, atakapoketi mahali pa walii, binti aliyelelewa kwa jasho la wajomba atamtazama kwa jicho gani?

Basi tufanyeje? Kwanza, makubaliano yaandikwe mapema, mbele ya wazee wa pande zote mbili au imamu wa msikiti: kiasi cha kila mwezi, tarehe, karo, matibabu, nguo za Idi, na siku za mtoto kwenda kwa babake, nani atamchukua na nani atamrudisha. Pili, baba atume fedha kwa njia yenye kumbukumbu, kama M-Pesa, na mama asifute ujumbe. Anunuapo viatu au vitabu, na liandikwe. Tatu, kazi ikiharibika, baba aseme kabla ya tarehe kufika. Anayesema na kutoa kidogo hupata wa kumwelewa. Anayezima simu huzidisha hasira.

Wazee wakishindwa, mama au baba aende afisi ya watoto iliyo karibu naye, ambako wazazi huitwa na kusikilizwa. Mambo ya ndoa na talaka yana Mahakama ya Kadhi. Masurufu na malezi ya mtoto, Mahakama ya Watoto imepewa uwezo wa kuyaamua, na amri yake si ombi. Kwenda huko si kumvunjia mtu heshima, ni kumtafutia mtoto chake.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Baba uliyesimamisha masurufu kwa kuwa hukuonyeshwa mtoto, tuma mwezi huu, kisha udai haki yako. Mama uliyefunga mlango kwa kuwa hukutumiwa, mfungulie amwone mwanawe, kisha udai haki ya mtoto. Asiyengoja mwenziwe aanze ndiye aliyemtanguliza mtoto.

Wabillahi tawfiq.