Gari Halina Kabila

Kila kijiwe kina profesa wake wa magari, na somo ni lile lile: Mjapani hafi, Mjerumani ana raha yake lakini atakufilisi, Mfaransa ni maringo tu, Mchina feki. Nasi tunaitikia kama kwaya. Jamani, sisi tunaobishana wiki nzima juu ya sentensi moja ya riwaya, mbona kwenye magari tunameza tu?

Tuanze na Safari Rally, mtihani wa matope na mawe ya kwetu. Mercedes ilishinda mfululizo 1959 hadi 1961. Mwaka 1965 ikashinda Volvo ya Uswidi. Huyo Mfaransa wa maringo, Peugeot 404, alishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Datsun ya Japani ilisubiri hadi 1970. Sasa hapo damu ipi ndiyo imara?

Utaniambia mashindano ya siku chache si miaka ishirini barabarani. Sawa. Basi twende Fremont, California. Kiwanda cha General Motors pale kilikuwa na sifa mbaya: utoro, migomo, magari yenye kasoro. Kikafungwa 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi walikuwa wale wale. Ubora ukapanda haraka. Wamarekani hawakugeuka Wajapani. Kilichobadilika ni utaratibu. Mfanyakazi akiona kasoro, aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi mpaka irekebishwe.

Na Takata, waliotengeneza mifuko ya hewa iliyolipuka na kuua watu, walikuwa kampuni ya wapi? Japani hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukinunua gari, uliza modeli ipi, ya mwaka gani, imetunzwaje, spea zake zinapatikana wapi na fundi anayeijua ni nani. Maana hata huyo "Mjapani hafi", ukimnyima oili, anakufa vizuri tu.

Nakereka kwa sababu hizi si stori za gari peke yake. Anayeamini uimara ni wa damu ameshatuhukumu na sisi: kwamba chochote kitakachotoka kiwandani kwetu ni kibovu hata kabla hakijaundwa. Hiyo ni hukumu bila ushahidi, na tunaitoa wenyewe, kijiweni, huku tukicheka.