Mradi zinalia! Ndivyo tunavyoziua spika za wazee

Leo nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi mwenyewe. Kwa hiyo mnivumilie.

Sebuleni kwa mama mkubwa, hapa hapa Dar, kuna spika mbili za mbao ambazo marehemu baba mkubwa alirudi nazo kutoka masomoni Uingereza mwaka 1981. Ni makabati hasa, si mchezo. Kwa miaka mingi zilikaa kimya, zimefunikwa vitambaa vya kufuma na maua ya plastiki juu yake. Mwaka jana mama mkubwa akaniita: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wa humu ndani. Nitafutie fundi, nisikie tena santuri za mzee wako kabla sijamfuata."

Mtu akikwambia hivyo unafanyaje? Nikazibeba.

Nilipofungua kava la mbele nikaona ule mviringo wa sponji unaoishika karatasi ya wufa umeoza. Ukiugusa unabaki kidoleni kama mkate uliolowa chai. Nikapakia kwenye bajaji mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja. Akatazama, akasema elfu thelathini, njoo baada ya wiki. Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Fundi, fanya unavyoweza, mradi zilie. Na nazitaka kesho."

Na kweli, kesho yake zikalia! Fundi kakata sponji ya godoro, kaibandika kwa supaglu. Twita moja ilikuwa haitoi sauti, akaitoa na kuweka ya plastiki aliyoichomoa kwenye spika ya daladala. Halafu, eti "ili besi itoke vizuri bosi wangu", akatoboa tundu la ukubwa wa kikombe nyuma ya makabati yote mawili.

Mama mkubwa akasikiliza nusu ya upande mmoja wa santuri ya Morogoro Jazz. Akainuka taratibu, akasema: "Asante mwanangu. Lakini huyu siye." Akaenda zake jikoni.

Huyu siye. Hayo maneno mawili ndiyo yamenifanya niandike.

Sasa tuelezane, maana najua wapo watakaosema kijana huyu kakosa habari za kuandika, nchi ina matatizo chungu nzima yeye analia na spika. Sawa. Lakini hivi mmewahi kujiuliza kwa nini katika nchi hii neno "kukarabati" limekuja kuwa na maana ya "kuharibu kwa namna nyingine"?

Tuanze na lile tundu. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss wa kampuni ya Acoustic Research walikuja na wazo la ajabu kwa wakati ule: lizibe kabati lisivuje kabisa, ilegeze ile mikanda inayoishikilia karatasi ya wufa, halafu iache hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Ndivyo kabati dogo lilivyoweza kutoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati la ukubwa wa friji. Spika yao ya AR-3 imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Baada ya hapo watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo ya kabati lililozibwa. Sasa wewe ukitoboa tundu unakuwa umeitoa springi! Wufa inabaki inarukaruka hovyo, besi inakuwa mvumo tu, na siku ukipandisha sauti koili inagonga na kufa. Fundi anadhani kaongeza kitu, kumbe kaondoa.

Njoo kwenye sponji. Sponji zile ni poliurethani, na adui zake ni unyevu, joto na mwanga wa jua. Kwa maneno mengine, adui yake ni Dar es Salaam. Inaoza hata kama spika haijapigwa kwa miaka ishirini. Wala si ugonjwa wa kufisha. Mviringo mpya uliotengenezwa kwa kipimo cha wufa yako unaagizwa na unafika. Kazi ni kukwangua gundi ya zamani mpaka iishe, kubandika mpya, na kuhakikisha koili imekaa katikati kabisa ya pengo la sumaku, pengo ambalo halifiki hata milimita moja kila upande. Fundi makini anafungua kile kifuniko cha katikati, anachomeka vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili, anabandika, anaacha gundi ikauke siku nzima. Au anapitisha mlio mzito wa chini kabisa huku gundi inakauka, karatasi ijitafutie katikati yake yenyewe. Ukitaka kujua kama kazi imefanyika, isukume karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, rudisha. Basi! Hakuna uchawi hapo. Ila siku nzima ya kukausha gundi haiwezekani kama mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Mteja huyo alikuwa mimi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Kila tukikaa tunawasema mafundi. Mafundi matapeli, mafundi hawajasoma, mafundi waongo. Nilidhani hivyo pia, mpaka nikampata mzee mmoja huko Temeke, fundi wa redio tangu enzi za valvu. Nilimpelekea mabaki yangu akayageuza geuza bila kusema neno. Kisha akachukua mita, akapima kapasita zilizomo kwenye krosova, ile sakiti ndogo inayogawa sauti nene ziende kwenye wufa na nyembamba ziende kwenye twita. Ya upande ule uliokuwa kimya ilikuwa imekauka, haipitishi kitu. Kapasita za namna hii huzeeka na kukauka baada ya miongo kadhaa, ndiyo desturi yake, na unapobadilisha unabadilisha za spika zote mbili, kwa kipimo kile kile.

"Twita ya zamani iko wapi?" akaniuliza.

Nikampigia yule fundi wa Kariakoo. Alishaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na takataka nyingine za wiki ile.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi huenda mmetupa mtu mzima aliyekuwa amelala."

Kisha akaniambia jambo ambalo nataka kila msomi mwenzangu alisikie. Akasema katika wateja kumi wanaoingia kwake, mmoja hivi ndiye anayeuliza kitu kimeharibika kwa nini. Wengine wote wanauliza shilingi ngapi na lini. "Mdogo wangu, mkinilipa nifanye iwe kama mwanzo, nitafanya iwe kama mwanzo. Mkinilipa ilie, itanguruma."

Umesikia hiyo? Fundi anauza kile tunachonunua. Tunanunua mlio, tunapewa mlio. Halafu tunakaa kwenye viti virefu tunalaumu elimu ya fundi, sisi wenye digrii ambao hatukuuliza hata swali moja!

Najua jibu la wengine: achana na mabox ya wazee, nunua sabufa. Haya, twende kwenye sabufa. Mmewahi kuona maboksi yaliyoandikwa "PMPO 5,000W"? Chukua kalamu. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230 na plagi yetu kubwa ni ya ampia 13. Zidisha: wati 2,990. Sasa hizo wati 5,000 zinapita wapi mfululizo, dirishani? PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote, kila mtengenezaji anajipigia hesabu anavyojisikia. Nasi tunasoma namba, tunatoa hela.

Na sina ugomvi na mtu anayependa sabufa yake. Kwa sherehe ya kipaimara uwanjani, piga tu. Ila weka muziki wa dansi wa miaka ya 1970 halafu usikilize vizuri. Muziki ule umejengwa kwa magitaa: solo, rizimu na besi, yanajibizana kama watu wa baraza moja. Sabufa ya bei poa inakupa mshindo wa chini, inakupa kelele za juu, na pale katikati, ambapo gitaa la rizimu na sauti za waimbaji zinaishi, panabaki tupu. Tunajisifu tunapenda zilipendwa, kumbe tunasikiliza nusu yake. Wahenga walishasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tumeamua kukilamba kidonda chenyewe.

Jambo jingine linaloniuma zaidi. Spika nyingi za miaka ya 1950 mpaka 1970 zilitumia sumaku za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilikuwa ikitoka Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kule Zaire. Mwaka 1978 vita vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ilipaa, na watengenezaji wa spika wakakimbilia sumaku za feraiti. Maana yake ni kwamba ndani ya baadhi ya hizo spika tunazoziita takataka za wazungu huenda mna jasho la ndugu zetu wa Katanga wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Lilikwenda Ulaya na Marekani, likarudi limo ndani ya kabati la mbao, na sisi tunaliuza kwa kilo. Huku wenzetu wanafanya nini? Mwaka 2018 JBL walirudisha sokoni sura ya L100 yao ya mwaka 1970. Wao wanatengeneza upya cha zamani, sisi tunakigeuza stendi ya televisheni.

Msinielewe vibaya. Si kila cha kale ni dhahabu. Zipo spika za zamani zilizokuwa mbovu tangu zinatoka kiwandani, na wapo wajanja wanaozipaka vanishi na kuziuza bei ya pikipiki kwa sababu tu zinapendeza kwenye picha. Huo nao ni wizi. Ninachodai ni kidogo sana. Ukipeleka kitu cha mzee wako kwa fundi, uliza kimeharibika nini na kwa nini. Sema wazi hutaki kitobolewe wala kiongezwe kitu. Dai kila kilichotolewa ukabidhiwe mkononi, hata kama kimekufa. Kinachofanyika kulia kifanyike na kushoto, maana spika ni jozi. Mpe fundi muda, na ulipe kazi ya siku tatu kwa bei ya siku tatu. Ukishindwa hayo, ziache na maua yake ya plastiki. Angalau hapo bado zinasubiri mtu mwenye akili.

Za kwetu? Mzee wa Temeke ameziba matundu kwa mbao na gundi, ameweka sponji sahihi, amebadilisha kapasita zote. Wufa zimerudi. Twita moja ni ya asili, nyingine ni ya kuokoteza, ndiyo iliyokaribiana nayo kuliko zote tulizopata. Mama mkubwa anasikiliza siku hizi, santuri moja baada ya sala ya jioni. Lakini amehamisha kiti chake. Zamani alikaa katikati. Sasa anakaa upande wa kushoto, karibu na ile nzima.

Sikumuuliza kwa nini. Najua.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nimeshaulipia mbachao wangu, na hauwezi tena kuwa ule ule. Kazi kwenu.