Baiskeli haiinuliwi, inaendeshwa

SEHEMU YA 1

Wamama wenzangu wa Rombo, mlioko nyumbani na mlioko mbali, Desemba hiyo inakuja. Mabasi yatapanda kutoka Dar yamejaa mpaka kwenye buti, na katikati ya mizigo ya Krismasi kutakuwa na baiskeli. Mpya ziko kwenye maboksi, za mtumba zimefungwa kamba. Baba ameahidi, mtoto amemaliza darasa la saba, bibi kule kihambani ameshaambiwa. Na inboksi yangu imejaa swali lilelile: sista, ninunue ipi?

Sina ugomvi na baiskeli. Mtoto anayeendesha baiskeli ana mapafu na miguu, na hakai siku nzima kwenye simu. Ugomvi wangu ni namna tunavyozichagua.

Nenda kwa muuzaji yeyote, Moshi mjini au Kariakoo. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuingiza vidole viwili chini ya fremu na kuinyanyua. "Ona mama, nyepesi kama karatasi, aluminiamu hii." Baba naye anainyanyua. Shemeji naye anainyanyua. Wote wanatikisa kichwa kama wameelewa kitu, pesa inatoka. Hakuna aliyebana breki. Hakuna aliyempandisha mtoto kwenye siti aone kama miguu inafika chini. Jamani, mnanunua baiskeli au mnanunua kuku?

Tena inajaribiwa wapi? Dar. Kwenye uwanja wa nyumba, sakafu imenyooka. Kule hata baiskeli isiyo na breki ni nzuri, ukiacha kupiga pedeli inasimama yenyewe. Halafu inaletwa Mkuu.

Msemo wangu ni huu, na atakayekasirika akasirike: kwa familia za huku mlimani, uzito wa baiskeli unapewa heshima isiyo yake. Kwanza ni breki na utii, yaani ukiiambia simama inasimama, ukiiambia kata kona inakata. Uzito unakuja nyuma ya hapo. Na ile habari ya kukata upepo ambayo vijana wanaiga kwenye video, hiyo ndiyo inanitisha kuliko zote, nitaifikia.

SEHEMU YA 2

Tufanye hesabu ya kliniki, sisi tumezoea mizani.

Kijana ana kilo 55, baiskeli kilo 15. Jumla 70. Muuzaji anakuambia ongeza laki moja upate ya kilo 13. Umeondoa kilo 2 kati ya 70, haifiki asilimia 3. Akipanda kilima cha dakika 20 kwa nguvu zilezile ataokoa kama nusu dakika. Nusu dakika! Na jioni mama yake huyohuyo anamtuma maji, anafunga dumu la lita 20 kwenye keria, kilo 20 hizo. Zile kilo 2 za laki moja zimeenda wapi?

Najua kuna baba anasema: "Sista, huku ni milima, uzito ndiyo kila kitu." Baba, kinachompandisha mtoto mlimani ni gia. Baiskeli ya kilo 16 yenye gia ndogo zinazoingia vizuri itampandisha kuliko ya kilo 13 ambayo gia zinaruka. Na zikimshinda, anashuka anasukuma. Sijawahi kumpokea mtoto aliyevunjika mkono kwa sababu ya kusukuma baiskeli kupanda. Wanaoletwa walikuwa wanashuka.

Angalia ramani ya wilaya yetu ilivyo. Barabara ya lami ya Marangu, Mkuu mpaka Tarakea imeukata mlima kiunoni. Njia zetu za vumbi, zile za kutoka juu karibu na msitu, zinashuka moja kwa moja na nyingi zinaishia kwenye lami hiyo, na kwenye lami kuna Noah, kuna boda, kuna malori. Mwisho wa mteremko ni barabara kuu. Sasa wewe mama niambie, mtoto akifika pale chini, unataka awe na baiskeli nyepesi au awe na baiskeli inayosimama?

Kwenye mteremko mkali wa hapa kwetu, bila kupiga pedeli hata moja, baiskeli inaweza kufika kilomita 50 kwa saa. Ukigonga ukuta kwa mwendo huo, ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10. Ni ghorofa ya tatu hiyo. Hata kilomita 30 kwa saa, ambayo mtoto anaiona kama kutembea tu, ni kudondoka kutoka mita 3 na nusu. Usingemruhusu akae juu ya paa la nyumba achezee pale. Lakini breki imekatika waya tangu Pasaka na anasimamisha kwa kukanyaga tairi la nyuma na kandambili, na sisi tunacheka tunasema huyu mtoto mjanja.

Mvua ikinyesha ni mbaya zaidi. Baiskeli nyingi za chuma zina rimu za chuma zinazong'aa. Raba ya breki ikikutana na chuma kilicholowa inateleza, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Rimu ya aluminiamu inashika vizuri zaidi ikilowa. Hapo ndipo aluminiamu ina kazi ya maana, na muuzaji wala haitaji.

Mnapenda mifano ya wakubwa, haya. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 kwenye vilima vya Rwanda, na jumla ya kupanda ilizidi mita 5,000. Akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Hawa ndio watu ambao kila gramu ina maana kwao, siyo? Basi jueni kwamba chama chao cha dunia, UCI, kiliweka sheria tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Na mwaka 2018 kikaruhusu rasmi breki za diski, ambazo ni nzito kuliko zile za raba. Timu zilifanya nini? Zikahamia kwenye breki nzito, kwa sababu zinasimama vizuri, hasa kwenye mvua. Watu ambao sekunde moja ni mshahara wao wamekubali kubeba uzito ili wapate breki. Wewe unayeteremka kwenda sokoni Mkuu unaogopa nini?

SEHEMU YA 3

Sasa upepo.

Kuna mchezo vijana wanafanya. Wanateremka wamelala, kifua juu ya usukani, makalio yameondoka kwenye siti, mwili umeshuka kwenye bomba la fremu. Wanasema wanakata upepo. Na kweli wanaukata, sibishi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara nne zaidi, kwa hiyo kwenye mwendo mkubwa anayejikunja anakimbia kuliko aliyekaa wima, hata kama baiskeli yake ni nzito.

Aliyeufanya mkao huo ujulikane dunia nzima ni mtu wa huku kwetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa kwenye baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, baadaye akaiendeshea Uingereza na kushinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 alivuka kilele cha Peyresourde, Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania, akateremka amekalia bomba la fremu huku anapiga pedeli, akawaacha wenzake, akashinda siku ile. Video yake bado inazunguka. Kisichozunguka ni kwamba UCI wenyewe waliupiga marufuku mkao ule kuanzia Aprili 2021 kwa sababu ya hatari. Mtu mzima, anayelipwa, barabara imefungwa, gari la timu liko nyuma yake, anakatazwa. Wa kwetu wa kidato cha pili anafanya hivyo akiingia kwenye lami.

Na Froome huyohuyo, Juni 2019, Ufaransa. Alikuwa anakagua njia ya mashindano, amepanda baiskeli maalumu ya kukata upepo, mwendo unazidi kilomita 50 kwa saa. Akaachia mkono mmoja apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele, akaenda kwenye ukuta. Akavunjika paja, kiwiko, mbavu. Hakushinda tena Tour de France. Bingwa mara 4, baiskeli ya bei ya gari, mkono mmoja tu ukatoka kwenye usukani.

Mimi nawaambia wanangu wa mtaani kinyume cha wanachokiona kwenye simu. Ukiteremka, kaa wima, panua kifua, acha upepo ukupige. Upepo ni breki ya bure, haiishi raba. Mikono miwili kwenye usukani, vidole kwenye breki, unabana kidogo na kuachia tangu juu kabisa, usisubiri mpaka umeshashindwa.

Kuna watakaoniambia ninaacha boda, ambazo ndizo zinazojaza wodi. Boda nimeshaziongelea wiki mbili mfululizo na mkanuna. Leo ni baiskeli.

SEHEMU YA 4

Kuna mahali ambapo uzito una maana kubwa, na hapo ndipo wanaume wetu hawauangalii kabisa. Ni kwa mtoto mdogo.

Chukua kadi ya kliniki. Mtoto wa miaka 6 ana kama kilo 20. Baiskeli ndogo ya chuma, yenye vigurudumu vya pembeni na kikapu na mapambo, inaweza kufika kilo 10. Nusu ya uzito wake! Mimi nina kilo 70, ni kama nipewe baiskeli ya kilo 35 niambiwe nikate nayo kona. Ikiinama hawezi kuizuia, inamlalia. Kwa huyo, wepesi ndiyo utii wenyewe. Kwa hiyo kama una laki ya kutoa kwa ajili ya wepesi, itoe kwa wa miaka 6, siyo kwa kaka yake wa kilo 55.

Halafu hii tabia yetu ya kununua kubwa "ili akue nayo". Sare ya shule nunua kubwa, sweta nunua kubwa, utakunja mikono. Baiskeli hapana. Mtoto anayejifunza akikaa kwenye siti, nyayo zote mbili ziguse chini. Vidole vyake vifike kwenye mkono wa breki bila kuachia usukani, na awe na nguvu ya kuubana mpaka gurudumu likwame. Kuna baiskeli za watoto ambazo breki yake hata mimi naibana kwa shida. Hiyo ni pambo.

Ukiwa dukani, mwambie muuzaji aache kuinyanyua. Wewe bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele kwa nguvu. Isitembee. Bana ya nyuma, ivute nyuma. Isitembee. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, waya umelegea au raba zimeisha, mwambie fundi arekebishe mbele yako. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti, jaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka wenyewe, ondoka hapo. Angalia ncha za usukani. Kama mpira umetoka na bomba liko wazi, usiichukue hivyo hata kama mtoto analia, kwa sababu nitakayokuambia mwishoni.

Kwa za mtumba kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Baiskeli za Uingereza na Japani, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Nyingi zilizotoka Ulaya bara na Marekani iko mkono wa kushoto. Zote zinashushwa kwenye lundo moja. Mtoto aliyezoea moja akipewa nyingine, siku ya hatari anabana ya mbele peke yake kwa nguvu zote, gurudumu linakwama, anaruka juu ya usukani. Kabla hajateremka popote, muonyeshe: hii ya mbele, hii ya nyuma, bana zote mbili. Mfanyishe kwenye uwanja mpaka mkono uzoee. Na helmeti, tafadhali, imefungwa kidevuni, siyo imening'inia kwenye usukani.

Sasa ile ya bomba. Usukani ukimpiga mtoto tumboni, juu ya ngozi unaweza usione kitu, alama ndogo tu ya duara, au hata hiyo haipo. Ndani inaweza kuwa bandama imepasuka, au ini, au kongosho imeumia. Anaweza kuamka, kujifuta vumbi na kucheza. Ukiona baadaye tumbo linamuuma au limekuwa gumu, anatapika, anapauka, anatoka jasho la baridi, analalamika bega la kushoto ambalo halikuguswa, mkojo una damu, usimpe dawa ya maumivu ukamlaza. Usimkande. Usimpe chakula. Mlete hospitali usiku huohuo, na ukifika useme kwa mdomo wako: "Usukani wa baiskeli umempiga tumboni." Ukisema tu ameanguka, anaweza kuangaliwa magoti.

Aliyepiga kichwa halafu anatapika, anasinzia kupita kawaida au anaongea visivyoeleweka, naye hivyohivyo, usisubiri asubuhi.

Ijumaa nitaweka sehemu ya 5: visigino vya watoto wanaobebwa kwenye keria na spoku, na khanga za mama zao. Baba mwenye baiskeli ya kubebea familia, njoo nayo usome.