Tupande mubirizi nyuma ya tanki



Sisi makapita tumesikia shauri la kumwaga simenti kwenye fasi ile ya matope nyuma ya tanki la maji. Hatukubali, na sababu ni hii.

Hapa Katoyi udongo si kitu cha bure. Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno: mvua inanyesha, maji yanapenya, jioni fasi imekauka. Mwaka wa 2002 Nyiragongo ilimwaga tena lava mpaka katikati ya mji. Mwenye kutaka bustani analeta udongo kwa mifuko juu ya chukudu, na analipa. Nasi tuna kona ya udongo mweusi, unaolowa kila siku juu ya maji ya tanki. Huo ndio tuufunike?

Wengine wanataka bugenvilia. Ni maua mazuri kweli, lakini asili yake ni Amerika ya Kusini, na haipendi kusimama katika maji. Ile iliyopandwa pale ilioza mizizi, wote tuliona. Mubirizi ni wa Afrika hii yetu, unaota wenyewe kando ya mito. Hata huu usizamishwe: tuchimbe mfereji mdogo, tuinue tuta, tukate matawi yaliyokomaa, tuyachomeke yakilala kidogo, macho mawili ao matatu yakiwa chini ya udongo. Ni salongo ya siku ya posho moja tu.

Tunajua mutacheka: mubirizi, mti wa lupango la bibi! Ndiyo, ni wa lupango. Wazee wanakunywa maji ya majani yake machungu kwa tumbo na homa (lakini mwenye malaria aende hospitali, tusidanganyane). Mwaka wa 1987, kule Mahale, Tanzania, watu wa elimu walimwona sokwe mgonjwa akitafuna moyo wa tawi lake bichi. Kesho yake alikuwa na nafuu. Naye hakusoma biolojia ya wa sita.

Maua yake ni meupe, madogo, na nyuki wanayapenda. Lakini ukikatwa-katwa kila juma hautatoa ua hata moja. Kwa hiyo tunawaomba wadogo zetu, kwani sisi baada ya mtihani wa Serikali hatupo tena.

Bwana Prefe akikubali, wa tatu walete matawi, wa tano majembe. Mfereji tutauchimba sisi.